Leseni ninayo, uoga haujaondoka: jibu kwa mkunga anayesubiri zamu za usiku

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza diploma ya uuguzi na ukunga, nimefaulu mtihani wa Baraza na leseni ninayo. Nimeripoti kazini juzijuzi kwenye kituo cha afya cha kijijini. Mwezi ujao naanza zamu za usiku leba, mimi na mhudumu wa afya mmoja, daktari akiwa nyumbani kwake. Chuoni nilikuwa nafanya vizuri, ila hapa mikono inanitetemeka. Nikiuliza kitu naambiwa "si umesoma?" Je, uoga huu ni wa kawaida, au mimi sifai kazi hii? Utaisha lini? Na mama akiniuliza nimeshazalisha wangapi, nimjibu nini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Miaka mitatu ya chuo, mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, kisha kijiji ambako hujui mtu: hayo si madogo.

Uoga wako ni wa kawaida, na haumaanishi kwamba hufai. Nimesimamia wakunga wapya kwa miaka mingi, wa hospitali za mikoa na wa zahanati za huko ndani, na anayenitia wasiwasi ni yule anayeingia leba wiki ya kwanza akiwa hana swali hata moja. Wewe unauliza. Tuanzie hapo.

Kwanza tazama kilichobadilika. Ulipokuwa mwanafunzi ulimpima mama njia, yaani mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani, ukasema senti (sentimita) sita, na mkufunzi akavaa glovu akapima tena. Ukikosea, yupo wa kukusahihisha kabla kosa halijamfikia mama. Leo ukiandika sita, ni sita. Dawa, drip, rufaa, simu ya usiku, vyote vitafuata namba yako. Ujuzi ulioingia nao kwenye chumba cha mtihani unao wote. Aliyeondoka ni yule mtu aliyekuwa akisimama nyuma yako, na mikono inatetemeka kwa sababu inajua hayupo.

Hili si la kwako peke yako wala si la Tanzania peke yake. Mwaka 1974 mtafiti wa uuguzi wa Marekani, Marlene Kramer, alieleza kwa kina jinsi wauguzi wapya wanavyopigwa na butwaa wakitoka shule na kukuta wodi haifanani na walichofundishwa, hata wengine wakaiacha kazi. Nusu karne imepita na jambo ni lile lile. Kwetu, wenzako wa shahada hupitia mwaka mmoja wa intaniship chini ya usimamizi. Wewe umetoka kwenye mtihani ukaingia moja kwa moja kwenye ratiba ya zamu. Naona hilo si sawa, na nimelisema vikaoni kila nilipopata nafasi, maana wa diploma na cheti ndio mnaopelekwa kwenye vituo ambako mtu wa kumuuliza hayupo hata mchana.

Kwa mwaka huu wa kwanza nataka uwe hodari wa jambo moja kuliko mengine yote: kutambua mapema kwamba hali imekuzidi, na kuita mtu kabla haijaharibika. Mkono mwepesi wa kushona msamba utakuja wenyewe. Kujua kwa kugusa tu kwamba kichwa kimekaa vibaya kutakuja. Kuita mapema hakuji kwenyewe, kwa sababu mazingira yote ya kazi yatakufundisha kinyume chake.

Uone uzito wake kwa takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Katika kipindi hicho hicho uzazi unaofanyika kwenye vituo vya afya ulipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Maana yake akina mama wametusikiliza. Yule ambaye zamani angejifungulia nyumbani kwa bibi yake, sasa atakugongea mlango saa nane usiku, na sisi ndio tuliomwahidi kwamba ndani yuko mtu anayejua la kufanya au anayejua nani wa kuitwa.

Sasa hiyo "si umesoma?" Mara nyingi anayeisema hana ubaya na wewe. Ana wagonjwa watano mbele yake, na yeye mwenyewe alipoanza aliambiwa hivyo hivyo. Lakini ni kauli ya hatari. Mkunga mpya akiambiwa hivyo mara mbili, mara ya tatu haulizi, na mara ya tatu ndiyo ya mama anayetokwa na damu. Kwa hiyo isikunyamazishe. Mjibu kwa heshima, bila kubishana: "Ndiyo dada, nimesoma, ila hili sijawahi kulifanya kwa mikono yangu. Naomba unisimamie mara moja." Ombi la namna hiyo ni gumu kulikataa, kwa sababu umetaja kitu kimoja na umekiwekea mwisho.

Ili ujue cha kuomba, kaa na kile kitabu chako cha mafunzo ya vitendo mlichokuwa mnasainiwa, uandike kwa ukweli. Uzazi wa kawaida, umezalisha. Kushona msamba, mara chache. Kondo la nyuma lililokwama, umeona likitolewa, hujalitoa. Mtoto aliyetanguliza makalio, kwenye sanamu tu. Mabega kukwama, kwenye sanamu. Kifafa cha mimba, ulikuwepo chumbani na kazi yako ilikuwa kushika taa. Karatasi hii haina maksi, usijipendelee.

Ipeleke kwa Muuguzi Mfawidhi kabla ratiba ya mwezi ujao haijatoka. Omba mambo mawili: kwamba mpaka mwezi uishe upangwe leba mchana na jioni pamoja na mkunga mzoefu, na kwamba zamu zako za usiku za mwanzo muwe wakunga wawili. Atakwambia hana watu, na huenda ni kweli kabisa. Usiishie hapo. Uliza: "Basi usiku nikikwama, nani atapokea simu yangu?" Usiondoke bila jina la mtu na namba yake, na jina la pili ikiwa wa kwanza hapatikani. Ziandike kwa maandishi makubwa, uzibandike ukutani leba pamoja na 115, namba ya m-mama. Huo ni mfumo wa usafiri wa dharura uliojaribiwa kwanza kanda ya ziwa na kuanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, na kama gari la wagonjwa haliko karibu hutumwa dereva wa kawaida aliyeandikishwa. Uliza vilevile mfumo huo unafanyaje kazi kwenye kata yenu. Siku ya kuuhitaji usiwe ndiyo siku ya kujifunza kuutumia.

Zamu ya usiku hutengenezeka au kuharibika kwenye makabidhiano. Usipokee ripoti mezani. Mwombe anayetoka mtembee kitanda hadi kitanda. "Kitanda namba tatu anaendelea vizuri" haikupi cha kufanyia kazi. Uliza: amepimwa saa ngapi, njia ilikuwa senti ngapi, mapigo ya mtoto ni mangapi, chupa imepasuka saa ngapi na maji yana rangi gani, presha ya mwisho ilikuwa ngapi. Halafu chukua fetoskopu usikilize mwenyewe, mwenzako akiwa bado amesimama hapo. Mapigo ya mtoto yakikosekana saa mbili usiku mkiwa wawili, mtasikiliza wote, mtaandika wote na mtaita wote. Ukiyakosa saa tatu akiwa ameshafika kwake, utabaki na swali ambalo hakuna wa kukusaidia kulijibu. Anayetoka amechoka na ana watoto nyumbani, anaweza kununa. Muombe radhi kwa kumchelewesha, na endelea kusikiliza.

Kisha vifaa, na uvishike, usivitazame tu kabatini. Ambubagi ya mtoto, ule mfuko wa kumpulizia hewa asiyepumua: ziba mdomo wake kwa kiganja na uikamue. Ikikupa ukinzani na hewa ikatokea kwenye vali, ni nzima. Ikinywea mkononi kirahisi, inavuja. Maski ziwepo mbili, namba 0 ya njiti na namba 1 ya mtoto aliyetimiza miezi. Fungua friji uone oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, ipo, na kwamba friji iko kati ya nyuzi 2 na 8, hasa kama umeme ulikatika mchana. Magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba, ikae mahali unapoweza kuifikia gizani, na kalsiamu glukoneti, ya kuizimua ikizidi, pembeni yake. Kanula, drip, mpira wa mkojo, tochi yenye betri. Mwisho uliza kama gari lina mafuta na dereva amelala wapi. Ukizoea, yote haya hayafiki hata robo saa.

Kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu saa kwa saa, nitakuwa mkali. Huenda mtu akakuonyesha jinsi ya kuijaza baada ya mama kujifungua, mistari imenyooka, mapigo ya mtoto 140 kila nusu saa. Atakwambia ndivyo tunavyofanya hapa, wakaguzi wanataka ijazwe. Usijifunze hilo. Patografu iliyojazwa mtoto akiwa tayari amefungwa kwenye kanga haijamsaidia mtu yeyote, na siku kikitokea kifo hizo 140 za kutunga zitakuwa na saini yako.

Faida yake uione hivi. Saa sita usiku mama yuko senti 5. Saa kumi alfajiri unampima, senti 6. Kwenye kichwa chenye usingizi hiyo inasomeka kwamba anakwenda, polepole lakini anakwenda. Kwenye karatasi, ambako tunatarajia angalau senti moja kwa saa, ameshavuka mstari wa tahadhari na anausogelea mstari wa kuchukua hatua. Mistari hiyo miwili imeachana kwa saa 4, na saa hizo ziliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe, walio mbali na chumba cha upasuaji, ili simu ipigwe na safari ianze mama na mtoto wakiwa bado wana nguvu. Mapigo ya mtoto kila nusu saa, uchungu kila nusu saa, njia kila saa 4, na presha usiisahau. Fomu ya zamani inaanzia senti 4, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unaanzia senti 5. Fuata iliyopo kituoni kwako, ila uijaze muda ule ule. Ukiwa na akina mama wanne na usiweze kuwafikia wote kila nusu saa, sikiliza kadiri uwezavyo na uandike saa halisi. Nafasi tupu itaonyesha kwamba kituo kina upungufu wa watu, na huo ni ukweli ambao Mganga Mkuu wa Wilaya anastahili kuuona.

Tufike kwenye simu, maana hapo ndipo nimeona vijana wazuri wakikwama. Unaogopa kumwamsha dokta. Unaogopa kuambiwa "kwa hili tu?" Kwa hiyo unasubiri nusu saa uone kama hali itatulia, na nusu saa hiyo ndiyo iliyokuwa ya kumwokoa mama. Ukishajiuliza nimpigie au nisimpigie, jibu umeshalipata: mpigie. Akikaripia, atakaripia asubuhi mama akiwa hai.

Namna ya kupiga inafundishika. Usiseme "Dokta, njoo, mgonjwa hayuko vizuri." Hiyo haimtoi mtu kitandani. Sema hivi:

"Dokta, ni mkunga wa zamu, niko leba. Nina mama wa mimba ya nne, amejifungua dakika 20 zilizopita. Damu niliyopima ni mililita 700 na bado inatoka. Mfuko wa uzazi umelegea, kondo limetoka lote, sijaona kuchanika. Mapigo 122, presha 90 kwa 50. Nimempa oksitosini, namkanda, drip inakwenda, mkojo nimeutoa, traneksamiki naanza sasa hivi. Nakuomba uje sasa, na naomba ruhusa ya kupiga 115."

Angalia mpangilio wake: wewe ni nani, mama ni nani, kuna nini kwa namba, umefanya nini, unaomba nini. Wakunga wapya huacha hilo la mwisho. Wanaeleza vizuri halafu wananyamaza, wakitegemea dokta aelewe kwamba anaitwa. Mtu aliyetoka usingizini haelewi. Taja ombi lako. Akisema hawezi kuja, uliza: "Basi nifanye nini sasa, na nikupigie tena baada ya dakika ngapi?" Andika jibu lake na saa kwenye faili. Na usimwache mama ukaenda nje kutafuta mtandao. Mhudumu ashike simu, iwekwe spika, wewe mikono yako ibaki kwa mama.

Nimechagua mfano wa damu kwa makusudi. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Damu ilipimwa kwa mfuko wenye alama unaowekwa chini ya mama, badala ya kukadiriwa kwa macho, na ikizidi kiwango matibabu yalitolewa yote kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, traneksamiki (dawa ya kusaidia damu ikate), drip, na kukagua damu inatoka wapi. Ukijumlisha kutokwa damu kwa kutisha, upasuaji wa tumbo kwa sababu ya damu na vifo vilivyotokana nayo, vilipungua kwa asilimia 60. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa hapo. Watu walipima, na hawakusubiri hatua moja ishindwe ndipo waanze nyingine. Macho yetu hudanganywa na damu iliyonyonywa na kanga tatu na godoro. Kama mifuko hiyo hamna, weka beseni chini ya mama na uimimine kwenye jagi lenye alama. Ikifika mililita 500, wewe ni mkunga mwenye dharura, hata kama mama anaongea na kutabasamu. Traneksamiki ni gramu 1 kwenye mshipa, taratibu kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu mtoto azaliwe. Kadiri inavyochelewa ndivyo faida yake inavyopungua.

Mikono inayotetemeka ina dawa, na dawa yake ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara. Semina ndefu haiiponyi. Hili limethibitishwa hapa hapa kwetu. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilitoa mafunzo ya siku moja mwaka 2010 ya kumsaidia mtoto asiyepumua. Miezi baadaye watumishi walikuwa wazuri kwenye sanamu, lakini leba, kwa watoto wenyewe, utendaji haukubadilika. Kilichobadilisha mambo ni mazoezi ya dakika chache, yakirudiwa kila mara pale pale wodini: vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka. Mtindo huo ukapanuliwa kwenye mpango wa Safer Births katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya akina mama vimepungua kwa takriban robo tatu, na vya watoto wachanga wa siku ya kwanza kwa takriban asilimia 40.

Huhitaji kusubiri mradi ufike kwenu. Kila unapoingia zamu, kabla hamjazidiwa, chukua sanamu kama ipo. Kama haipo, kunja kanga iwe mtoto. Mhudumu aseme "amezaliwa, halii." Mkaushe, msugue mgongo, safisha njia ya hewa ikihitajika, maski usoni, anza kukamua ambubagi kabla dakika moja haijaisha, mara 40 kwa dakika. Kwa mtoto halisi macho yako yawe kifuani: kisipoinuka, rekebisha kichwa na maski, usiongeze nguvu. Kesho fanyeni ya damu. Keshokutwa, kifafa cha mimba: kama chupa zenu za magnesiamu ni za asilimia 50, mililita 8 na maji ya sindano mililita 12 zinakupa gramu 4 za kuingiza mshipani polepole, kisha gramu 5 kwenye kila kalio. Fanya mazoezi ya kuchanganya kwa kutumia maji matupu, mpaka vidole vifanye bila kusubiri kichwa. Bandika kipimo hicho ukutani. Kusoma ukutani wakati wa dharura hakumpunguzii mkunga heshima. Mimi namheshimu zaidi anayesoma.

Umemtaja mhudumu wa afya kama vile yeye si msaada. Huenda huyo mama amekaa leba hiyo tangu hujazaliwa. Hana leseni, lakini anajua ni kijiji gani barabara hukatika mvua ikinyesha, ni mume gani atakataa kutoa damu, na mara nyingi sauti tu ya mama kule kitandani humwambia kwamba mtoto yu karibu. Msalimie kwa shikamoo kila siku, hata siku utakayokuwa mkuu wake. Akikwambia "mwanangu, huyu mama simpendi anavyoonekana," acha unachofanya ukamwone huyo mama. Kuna mpaka mmoja tu, na umweleze mapema kwa upole: kuamua na kusaini ni juu yako, kwa hiyo hachomi oksitosini kuharakisha uchungu, hampimi mama njia kwa niaba yako, hamkandamizi mama tumbo ili mtoto ashuke. Kama ilikuwa desturi ya hapo, iishe kwenye zamu yako. Mweleze sababu, usimwaibishe mbele ya wagonjwa.

Na vivyo hivyo kwa ulimi. Utasikia akina mama wakifokewa, "ulipokuwa unaitafuta hukulia", na pengine utaona mama akipigwa kibao pajani ili asukume. Nakusihi, na hapa nazungumza kama dada yako mkubwa, usiige. Wakunga wapya huingia wakiwa wapole, na baada ya miezi kadhaa ya uchovu wanaanza kuongea kama wodi inavyoongea. Mama aliyefokewa hakwambii kwamba anaona maruweruwe na kichwa kinamgonga, anaogopa kufokewa tena, na hiyo ndiyo dalili ya kifafa cha mimba uliyokuwa unaihitaji. Zaidi ya hapo, ni mtu, ana maumivu, na amekuja kwako. Ukimwona mkubwa akifoka, huna haja ya kupambana naye hadharani. Sogea wewe ukamshike mama mkono, uongee naye kwa jina lake. Mara nyingi hilo peke yake hupunguza sauti chumbani.

Kuna siku utampoteza mtoto, na huenda siku moja ukampoteza mama. Chuo hakikuandai kwa hilo vya kutosha. Siku hiyo mwambie mama mwenyewe, kwa maneno ya wazi, ukiwa umeketi, na umwulize kama angependa kumshika mtoto wake. Andika faili lote usiku huo huo, saa na ulichofanya, bila kupamba na bila kujihukumu. Kutakuwa na kikao cha kupitia kifo hicho. Lengo la vikao hivi ni kujua kilichokosekana, kama ni damu, gari, dawa, mtu au uamuzi, ili kisikosekane tena. Mahali pengine vimegeuzwa mahakama ya kumtafuta mkunga wa zamu, na naona ni hasara kubwa, maana mtu anayeogopa kushtakiwa hasemi kilichotokea. Nenda na ukweli wako na karatasi zako. Ukirudi nyumbani usikae nalo peke yako. Tafuta mkunga mwingine wa kuongea naye, mwenzako wa darasa hata kwa simu. Mtu wa nje atakuhurumia, ila mkunga mwenzako atakuelewa.

Umeuliza uoga utaisha lini. Kwa niliowasimamia, wengi huanza kutulia kati ya mwezi wa sita na mwaka mzima, na utulivu huja kwa vipande: kwanza unazoea uzazi wa kawaida, kisha kushona, kisha usiku. Ukiona unazidi kuwa mbaya, huli, hulali siku za mapumziko, unalia kabla ya kila zamu, hilo limeshavuka uoga wa kuanza kazi. Mwone Mfawidhi au daktari ukiwa wewe ndiye mgonjwa.

Na yule mama atakayekuuliza umeshazalisha wangapi, usimtajie idadi ya uongo. Mwambie: "Mama, nimehitimu mwaka huu, na chuoni nimezalisha nikisimamiwa na walimu wangu. Leseni ninayo. Leo niko na wewe mpaka asubuhi. Nitasikiliza moyo wa mtoto kila nusu saa, na nitakwambia ninachosikia. Likitokea lililonizidi, namba ya dokta ile pale ukutani, na gari nimeshaulizia." Wengi wao hawataki idadi, wanataka kujua kama utakuwepo. Akisema bado anamtaka mkunga mwingine, usinune. Mwambie kwa ukweli nani yupo usiku huo na nani hayupo, kisha endelea kumhudumia vilevile.

Ile karatasi ya Mfawidhi iandike leo. Ratiba ikishabandikwa ukutani, kuibadilisha ni kazi.